Aliyewarudisha Wake za Watu

Wale waliomjua Matroni kwa mbali walimheshimu sana. Mimi nilimjua nikiwa na tepu shingoni na pini mdomoni, na fundi wa nguo hadanganyiki kirahisi. Kila alipokuja kwenye kibanda changu pale Matisi alinikataza kumpima. "Fundi, si vipimo vyangu unavyo?" Nilikuwa navyo, ndiyo, vya enzi zile akiwa mwembamba. Gauni likimbana, kosa ni la kitambaa, eti kimesinyaa kwa maji. Siku moja alilibeba gauni mpaka kwa yule mzee wa Kisikh mwenye duka la vitambaa mjini Kitale, akamfokea mbele ya wateja kwamba anauza takataka. Mzee wa watu aliliangalia gauni, akamwangalia Matroni kuanzia juu hadi chini, akasema pole sana mama. Matroni akatoka dukani ameshinda. Ndivyo alivyoshinda mambo yake mengi.

Na msije mkadhani jina la Matroni alilipata hospitalini. Huyo hakuwahi kumdunga mtu sindano maishani mwake. Alikuwa matroni wa bweni, katika shule moja ya wasichana upande wa Moi's Bridge, kazi yake kukagua vitanda, kunusa mashuka na kuwanyang'anya wasichana mafuta ya nywele. Alipostaafu alikodi nyumba moja ndefu pale Matisi, akapaka ukuta rangi ya maziwa, akatundika kibao kwamba hapa ni makao ya wanawake walioharibiwa na pombe. Watu wakaleta. Jamani, watu walileta! Kutoka upande wa Kwanza, kutoka Bungoma, kutoka huko mlimani, baba na binti yake, mume na mke wake. Hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka, na mwanamke mlevi katika nchi hii ni aibu ambayo kila mtu anataka iwekwe ndani na mlango ufungwe. Matroni alikuwa na mlango, na alikuwa na kufuli.

Alivaa gauni jeupe nililolishona mimi, na kifuani alibandika ile saa ya wauguzi, imekufa zamani. Nikamwambia siku moja, "Matroni, si utie betri hata moja?" Akanijibu bila kugeuka, "Fundi, mimi huwa najua ni saa ngapi." Basi ikabaki hivyo.

Maisha ya mle ndani yalikuwa ya bweni kabisa. Kengele ililia, wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wakasimama kando ya vitanda wamenyoosha mikono wakaguliwe kucha. Nilikuwa nimepeleka mapazia siku moja nikamkuta mama mmoja mtu mzima, mpika chang'aa maarufu ambaye hata chifu alimwogopa, ameambiwa arudie kutandika kitanda kwa sababu kona ya blanketi haikulala sawa. Mama wa watu machozi yanamtoka. "Unaona?" Matroni alininong'oneza, ameridhika. "Ameanza kupona."

Usemi wake mkuu ulikuwa "Hapa hatuchanganyi." Pombe ni pombe, kichwa ni kichwa. Mwanamke akija anakunywa na pia anasikia sauti, au halali, au anakaa tu analia, aliambiwa aende kwanza akatibiwe kichwa ndipo arudi kuachishwa pombe. Akienda hospitali, huko naye anaambiwa aache pombe kwanza ndipo apewe dawa za kichwa. Nyinyi mliosoma mtanieleza mtu wa namna hiyo aanzie wapi. Niliwaona wakipita mbele ya kibanda changu, huku na kule, ndugu zao nyuma wamebeba mikoba, mpaka ndugu wanachoka na mgonjwa anaachwa sokoni. Na aliyeingia na vidonge vyake mkononi, Matroni alivichukua akavimwaga chooni. "Hii ni pombe imekaushwa," alisema. "Siwezi kutoa ulevi mmoja niache mwingine." Alisema hivyo huku akikoroga chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, na kando ya kikombe kuna vidonge vyake mwenyewe vya ugonjwa wa sukari, ambavyo hakuvikosa hata siku moja. Hivyo havikuwa pombe. Hivyo vilikuwa dawa.

Sitamnyima haki yake, ingawa natamani. Mikono yake haikuogopa uchafu. Mwanamke akiletwa amejitapikia, amejichafua, ndugu zake wamesimama mbali wameziba pua, Matroni alikunja mikono ya gauni akamwogesha mwenyewe, pole pole, akimwita mtoto wangu. Ungemwona wakati huo ungempenda. Halafu Jumapili inafika, anampeleka huyo huyo kanisani, anamsimamisha mbele, anawaeleza waumini wote jinsi alivyomkuta na alichomtoa mwilini. Hakubakisha kitu. Mwanamke amefumbata mikono tumboni anaangalia sakafu, na watu wanapiga makofi. Sasa ule wema ulikuwa wa nini? Nauliza tu.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa siku ya kurudishwa. Mwanamke akimaliza muda wake, kama ana mume, Matroni alimwita mume, na mchungaji, na majirani. Hema lilisimamishwa uani, chapati zikapikwa. Mwanamke alitolewa ndani amevaa gauni jipya la bluu, Matroni amemshika mkono, akampitisha katikati ya watu hadi pale mume alipoketi kwenye kiti cha mito. "Ulituletea akiwa ameharibika," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Tunakurudishia akiwa mzima." Mume anasimama, anapokea mkono, vigelegele. Ilibaki kidogo tu mahari ilipwe upya. Magauni yote ya bluu nilishona mimi, na yote aliyataka ya mtindo mmoja, kola ya kukaba shingo na mikono mirefu, hata wakati wa jua kali. Nilimuuliza kwa nini mikono mirefu. Akasema wengine wana makovu, na makovu yanaharibu picha.

Na yeye mwenyewe je? Matroni alikuwa na mume, huko Moi's Bridge, mzee mwenye shamba lake la mahindi, na alimwacha akaondoka na sanduku. Wala hakunificha. Alikuwa amesimama juu ya stuli namwekea pindo, nikamuuliza kwa utani mbona yeye hajarudishwa. Alicheka. "Yule? Yule alikuwa ananichapa na kamba ya ng'ombe, Fundi. Ningerudi ningekufa." Nikatoa pini mdomoni. Nikamwambia, "Na hawa unaowarudisha?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa. "Hawa ni walevi," akasema. "Yangu ilikuwa kesi tofauti." Akageuka nimalizie upande wa pili. Mungu ananijua, mkono uliniwasha nimsukume kutoka pale juu.

Mdogo wangu Nafula aliolewa upande wa Kwanza, na mkulima mwenye trekta, mzee wa kanisa, mtu wa kusalimia kila mtu kwa mikono miwili. Tukaanza kusikia Nafula anakunywa. Baadaye tukasikia anaongea peke yake, anakimbia funguo zikilia, analala nje kwenye mahindi. Hospitali wakasema aache pombe kwanza. Mume akasema amechoka, akampakia kwenye pikapu akamshusha kwa Matroni, akaomba aitwe pindi mke wake akipona. Kwa sheria ya hapa hatuchanganyi, Nafula asingeingia. Lakini mume alikuwa mzee wa kanisa na aliongea vizuri, basi kichwa cha Nafula kikapona papo hapo getini. "Huyu hana wazimu," Matroni aliniambia. "Ni maringo ya pombe."

Mgeni wa makao alianzia chumba cha mwisho, kile walichokiita cha kutulia, mlango umefungwa kwa nje. Wengine walitulia. Nafula alipiga ule mlango mpaka akavunjika kidole, akajikojolea, akapiga mayowe niliyoyasikia hadi kibandani. Nikaacha cherehani nikakimbia. Nilimkuta Matroni ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, anachambua mchele.

"Mfungulie," nikamwambia.

"Muache. Hiyo ni pombe inatoka."

"Hiyo si pombe, Matroni. Huyo ni mtu anaogopa!"

"Fundi, wewe shona."

Kesho yake Nafula alinyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu, hata jina lake hakuitikia, na Jumapili Matroni alimsimamisha kanisani kama mfano wa mtu aliyetulia.

Miezi ikapita. Nafula hakunywa kwa sababu hapakuwa na cha kunywa. Halafu asubuhi moja Matroni akaja kibandani, kitambaa cha bluu kwapani, uso unang'aa, Nafula nyuma yake. Mume ameitwa. Anakuja Jumamosi kuchukua mke wake.

"Mpime vizuri," akasema. "Mimi naenda kuulizia hema."

Nilimwambia Nafula ainue mikono. Akainua. Nilipomzungushia tepu kiunoni alinishika kifundo cha mkono.

"Da," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake tangu siku ya ule mlango. "Ile stoo iko bado?"

"Stoo gani?"

"Ya mahindi. Yenye ananifungianga. Nikikosea kitu kidogo tu ananiingiza huko, anafunga, anaenda na funguo. Ata wakati wameweka dawa ya wadudu, Da. Macho inachoma, huwezi kupumua. Ndio nikaanza kukunywa. Nikisikia anakuja na funguo nakunywa haraka haraka, ndio akinifungia nisijue."

Nilikaa chini. Tepu ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Matroni anajua?"

"Nilimwambia siku ile nilifika. Akasema ati kwani stoo si ni ya mzee wangu."

Basi nikaelewa ule mlango. Matroni aliambiwa kwa maneno wazi kwamba mtu huyu ameumizwa kwa kufungiwa, akamsikiliza, akamchukua akamfungia. Na sasa alikuwa anaulizia hema. Sikulia. Hasira iliyonipanda siku hiyo haikuacha nafasi ya kulia. Kitambaa cha bluu nilikiacha mezani na makasi juu yake, nikamshika Nafula mkono, tukaondoka vile vile, yeye na sare ya makao, mimi na pini kifuani, tukaenda Bungoma kwa shangazi yetu.

Jumamosi hema lilisimama. Nilisimuliwa na jirani. Mume alikuja na koti, chapati zililiwa, na Matroni alipoona hana wa kumrudisha akageuza shughuli ikawa ya maombi, wakamwombea fundi aliyeiba mgonjwa. Jambo la ajabu ni kwamba nilipokuja Matisi kuhamisha cherehani yangu, alinipita njiani, akanisimamisha, akaniuliza kama nina nafasi ya kumpanulia gauni.

Huko Bungoma shangazi ndiye aliyetupeleka kwenye kliniki ya wanawake, nyuma ya hospitali. Nilienda na moyo wa kugombana. Mshauri mwenyewe ni msichana mdogo, anatafuna chingamu, na kuchelewa ni kawaida yake. Nikasema moyoni, haya, tumeruka mkojo tumekanyaga mavi. Lakini huyo msichana hakuanza na pombe, wala hakuanza na kichwa. Alianza kwa kumuuliza Nafula angependa kukaa wapi. Nafula akachagua kiti cha karibu na mlango. Mlango wenyewe akaomba uwe wazi, ukaachwa wazi, na mtu akitaka kupita akaombwa azunguke. Nilitaka kucheka, kisha nikaona Nafula anapumua.

Pale wanachanganya. Pombe, usingizi, sauti, stoo ya mahindi, vyote vinaongelewa na watu wale wale, siku ile ile, na dawa zinatolewa dirisha la pale pale. Hakuna anayekuambia nenda upone nusu moja ndipo ulete nyingine. Nafula alianguka, alirudia pombe ya busaa, akarudia tena. Nilimpeleka nikiwa nimejiandaa kwa maneno ya kuomba wasimfukuze. Msichana akasogeza chingamu shavuni. "Karibu Nafula. Wiki ilikuwa ngumu, eh?" Akamvutia kiti. Ningelipa nauli ya Matroni aje aone.

Alikuja kwa nauli yake mwenyewe. Ilikuwa mwaka huu, Alhamisi, natoka sokoni Bungoma na sukuma wiki na nyanya, nikasikia, "Fundi! Si ni wewe?" Amezeeka. Anatembea na bakora, makao yalishafungwa, mwenye nyumba alitaka nyumba yake. Gauni lile jeupe bado analo, limefumuliwa na kupanuliwa na fundi fulani asiyejua kazi.

"Na mgonjwa wangu?" akauliza.

"Yuko."

"Najua ako. Nilikutana na shangazi yenu kwa mazishi, akaniambia ako vizuri, anaenda kliniki kila Alhamisi. Nikasema Mungu ni mwema." Akanisogelea, ananong'ona kwa furaha. "Mume wake amekuwa akija kwangu, Fundi. Analia. Mzee mzima! Nikamwelekeza. Nikamwambia aende leo, na mimi nikapanda gari nije nione wakipatana. Unajua yule ndiye peke yake sikuwahi kurudisha?"

Mfuko wa nyanya ulinitoka mkononi. Nilikimbia na umri wangu huu, leso inadondoka, watu wa bodaboda wananiuliza mayi, yaani mama, kuna nini? Nyuma yangu namsikia, "Ngoja Fundi, magoti!" Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni Nafula juu ya pikapu, kimya, anaelekea Kwanza.

Pikapu nilikutana nayo kweli. Ilikuwa inageuza mbele ya geti la kliniki. Mume alikuwa ndani, koti na tai, na hapo nyuma hapakuwa na mtu. Hakunisalimia kwa mikono miwili siku hiyo.

Nafula alikuwa kwenye benchi uani, ameshika kikombe cha uji. Uji ulikuwa umemwagikia sketi yote, lakini alikuwa ameketi. Msichana wa chingamu alikuwa kando yake, simu mkononi. Aliniambia ameshapigia polisi, na kwamba mimi na Nafula hatutaondoka hapo peke yetu.

"Amekuja," Nafula akaniambia. "Wakakuja kuniuliza kama nataka kumwona. Nikasema sitaki."

"Halafu?"

"Wakamwambia aende."

Mlinzi akaingia, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo kama walivyofundishwa. "Nafula, kuna mama mwingine kwa geti. Anasema ati ni yeye alikuponya. Aingie?"

Nafula aliangalia uji wake, akaangalia geti. "Hapana," akasema. "Huyo pia hapana."

"Sawa," mlinzi akasema, akavaa kofia.

Nikamwambia aniachie, nitampelekea habari mwenyewe. Furaha hiyo sikutaka mtu mwingine aipate. Nilimkuta Matroni ameegemea nguzo ya geti, anahema, anaiweka kola sawa, tayari kwa sherehe.

"Wamepatana?"

"Hawajapatana. Nafula amekataa kumwona. Ameambiwa aende. Na wewe pia amekataa usiingie."

Nilimkodolea macho. Nilitaka nione aibu usoni mwake, hata kidogo, hata hasira ningepokea. Aliangalia geti, akamwangalia mlinzi, akanirudia mimi, ametatizika, anatafuta mtu mzima wa kumweleza jambo hili.

"Amekataa," akasema. "Sasa nani amemruhusu?"